Mfuko Unatosha

Ilikuwepo nchi, na kama hawajaihamisha bado ipo palepale, ikiitwa Jamhuri ya Sawasawa. Msiniulize iko upande gani. Watu wake ni wapole, wanasalimiana vizuri, na wana desturi ya kupiga makofi kabla ya kuambiwa jambo, ili anayesema asije akasubirishwa. Mtukufu Mlezi wa Taifa akisimama kusafisha koo tu, uwanja mzima unapiga makofi, naye husubiri yaishe ndipo akohoe vizuri.

Katika nchi hiyo aliishi Bwana Mfaume Kilindo, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Vipimo. Msidhani alikuwa akipima. Kupima, kwa sheria za Sawasawa, ni kutilia shaka, na kutilia shaka kuna kifungu chake. Kazi ya Idara ilikuwa kuthibitisha vipimo vilivyokwisha kutangazwa. Mtukufu akitamka urefu wa daraja, Bwana Mfaume huthibitisha kwamba daraja lina urefu huohuo, kisha mafundi huambiwa wajitahidi. Tepu pekee ya kupimia ilifungiwa kwenye kabati la kioo mlangoni mwa Idara, na watoto wa shule waliletwa kuitazama, wakiwa wameshikana mikono.

Kazini hakuna aliyemwambia kitu. Akiuliza kama nje kuna mvua, katibu wake humjibu, "Kadiri utakavyoona, mkuu." Kwa hiyo Bwana Mfaume aliyajua mambo ya dunia jioni tu, akiisha kuvua koti na kuketi kwenye kigoda cha jikoni, karibu na mkewe, Bi Sikudhani, mama wa binti yao Tausi aliyekwisha kuolewa mbali.

Bi Sikudhani hakuwa na breki mdomoni. "Baba Tausi," humwambia, "hilo shati limekubana, kitovu chote nje. Hukupata mtu wa kukwambia huko?" Au, "Mchuzi wa leo nimeuharibu, chumvi imezidi, kula hivyohivyo." Au, "Nimekusikia redioni. Umesema saa nzima na sijui umesema nini." Naye Bwana Mfaume hununa, hubisha, husema mwanamke huyu atamuua kwa presha, kisha hulala usingizi mzito. Alimpenda kwa mdomo huo kuliko kwa uzuri wake, na uzuri ulikuwepo. Bila yeye asingejua hata kama amenenepa.

*

Mambo yalianza kwa pipa. Mtukufu Mlezi, akihutubia mkutano wa akina mama, alitamka kwamba Sawasawa si nchi ya vipipa. Hakufafanua, na hakuna aliyemtaka afafanue. Muda si mrefu ikatia nanga meli iliyojaa mapipa ya taka ya plastiki, ya buluu, yaliyotengenezwa huko yalikotoka kwa ajili ya kambi za jeshi. Kila jiko la nchi likapewa lake. Pipa lilimfika mwanamke mzima kifuani. Kwenye nyumba nyingi pipa liliingia jikoni na mpishi akatoka. Akina mama wakawa wanapikia barazani na kuingia ndani kutupa maganda.

Kisha ukaja mfuko. Shemeji wa Mtukufu alikuwa na mashine ya kutengenezea mifuko ya mikate, na kwa kuwa mikate ilikuwa imeadimika, mashine ikapewa uzalendo wa kutengeneza mifuko ya taka. Mtukufu akaenda kufungua kiwanda. Akakata utepe, akakabidhiwa mfuko wa kwanza, akaunyanyua kwenye mwanga, akauvuta huku na huku, akasema, "Unatosha."

Karibu na hapo hapakuwa na pipa. Waliokuwa karibu wanasema Mtukufu alikuwa na njaa na alitaka sherehe iishe. Lakini neno lilikwisha kutoka. Jioni lilisomwa redioni, kesho yake likachapwa kwenye kanga, na wiki iliyofuata likawekwa kwenye wimbo wa shule, ubeti wa pili.

Ndipo nchi ikajikuta na pipa la kambi ya jeshi na mfuko wa mkate, na vyote viwili vina neno la Mtukufu juu yake. Kusema pipa ni kubwa mno ni kosa. Kusema mfuko ni mdogo ni kosa kubwa zaidi, linaloitwa Kudogosha. Sheria ikatungwa haraka: kila pipa livae mfuko, na mdomo wa mfuko uonekane kwenye mdomo wa pipa, na kila Jumamosi apite mjumbe wa jiko kukagua.

Mwanzoni watu walijaribu kwa nia njema, nawatetea kwa hilo. Walitia mfuko ndani ya pipa, mfuko ukashuka mpaka chini, ukalala. Wakaubana kwa vibanio vya nguo. Ukishika upande huu unachomoka upande ule. Wakishika pande zote, mfuko unatanuka na kubaki kijiufa ambacho unaweza kupitisha maganda ya nyanya, moja baada ya jingine, ukiwa na subira. Jirani mmoja alijaza pipa mchanga mpaka karibu na mdomo, akaweka mfuko juu yake. Ulikaa vizuri sana, ila sakafu iliachia. Mwingine alitumbukiza ndoo ndani ya pipa na kuvisha mfuko ile ndoo. Huyo alikamatwa kwa kumiliki pipa la siri.

Mwishowe wenye akili wakagundua. Unaukata mdomo wa mfuko, unauchana uwe utepe, unabandika utepe huo kwa gundi kuzunguka mdomo wa pipa. Ukikosekana utepe wa kutosha, unakata mfuko wa pili. Mtu akiingia anaona pipa limevaa mfuko, limependeza. Ndani hakuna kitu. Taka zinakwenda moja kwa moja chini, zinaoza, zinatoa maji ya kijani na funza, na nyumba nzima inanuka. Lakini funza hawakaguliwi. Wajumbe walipita, wakaona mdomo, wakaridhika, wakarudi kwao ambako nako wamebandika. Inasemekana kwa Waziri wa Usafi utepe ulipigwa pasi. Mwaka ule Sawasawa ilijipa zawadi ya kwanza kwa matumizi ya mifuko ya taka, ikaipokea yenyewe.

*

Bi Sikudhani hakubandika. Si kwamba alikuwa mpinzani; hata maana ya neno hilo hakuijali. Aliona tu ni kazi ya bure.

Jumamosi moja alikuwa jikoni akipara samaki. Bwana Mfaume alikuwa sebuleni na gazeti, miguu juu ya stuli. Mjumbe wa jiko wa mtaa, Bwana Zongo, mtu mpole mwenye kofia pana ya serikali, akabisha hodi kwenye mlango wa uani.

"Karibu, kanyaga taratibu, kuna utumbo wa samaki hapo," alisema Bi Sikudhani.

"Starehe, Mama Tausi. Nimekuja kwa mfuko."

"Uko chini."

"Chini wapi?"

"Chini kabisa, ndani ya pipa. Inama utauona."

Bwana Zongo aliinama, akainama tena, kofia ikamtoka ikatumbukia. Akainuka akiwa amebana pua. "Mama Tausi, hivi kwa nini tusumbuane? Fanya kama wenzio. Kata mdomo, bandika, yaishe. Nina majiko mtaa mzima."

"Nikibandika, uchafu utaacha kumwagika humo chini?"

"Uchafu si kazi yangu. Kazi yangu mdomo."

"Basi kazi yangu mimi uchafu, maana ndimi ninayeliosha pipa. Na nakwambia kilichopo, Bwana Zongo. Mfuko huu mdogo."

Bwana Zongo alikwenda kufunga dirisha. Alikuwa mtu mwema. "Sijasikia vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Sikio langu hili halisikii siku hizi. Ukitaka kusema kitu kingine, sema sasa."

"Umesikia. Pipa kubwa, mfuko mdogo. Ungekuwa suruali ungemrudishia fundi."

Uani kwa jirani walikuwepo wanawake wakianua nguo, na wote waliacha kuanua. Bwana Zongo hakuwa na namna tena. Aliiopoa kofia kutoka ndani ya pipa kwa mwiko, akaikung'uta magamba ya samaki, akaivaa ili awe kazini, akamweka Bi Sikudhani chini ya ulinzi.

Bwana Mfaume alitokea mlangoni na kandambili moja mguuni.

"Baba Tausi," alisema mkewe akifuta mikono, "samaki wako kwenye beseni. Watie chumvi wasiharibike."

Akatoka na Bwana Zongo, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni.

*

Mahakama ilikaa chini ya Jaji Mtengwa, mzee wa heshima ambaye hukumu zake zilisifiwa kwa kuwa huziandika mapema na hivyo hazicheleweshi watu.

"Mshtakiwa," aliuliza, "unauonaje mfuko huu?"

"Mdogo, mheshimiwa. Na hicho kiti chako kinayumba, mguu mmoja mfupi. Utakuja kuanguka."

Jaji alishika ukingo wa kiti. Kwa miaka mingi alikuwa akiyumba juu ya kiti kile, akidhani ni uzee wake. Alishuka, akachungulia miguu ya kiti, akarudi kukaa polepole. Kisha akaamuru maneno hayo yafutwe, na kiti kikaendelea kuyumba.

Adhabu ilijulikana: Darasa la Ukubwa, kule kwenye majangwa ya chumvi, ambako mtu hukalishwa mbele ya vitu vidogo mpaka avione vikubwa. Waliorudi kutoka huko walikuwa na adabu kupita kiasi. Ukimkanyaga mmojawao, anakushukuru. Walio wengi hawakurudi, kwa kuwa masomo yalikuwa mengi.

Lakini kabla ya mtu kupelekwa, sheria ilitaka kitu kilichodogoshwa kithibitishwe hadharani, mbele ya Mtukufu, na Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Vipimo. Jaji alipofika hapo alivua miwani.

"Bwana Mkurugenzi," alimwambia Bwana Mfaume, aliyekaa nyuma peke yake kwenye benchi, "utathibitisha kwamba mfuko unatosha, kisha mkeo ataondoka. Nakuonea huruma kama binadamu. Lakini hapa nilipokaa mimi si binadamu."

Watu wakapiga makofi.

*

Walimruhusu kumwona mkewe mahabusu, mchana, askari akiwa pembeni anachambua mchele wake. Bwana Mfaume alishika vyuma kwa mikono miwili. Hakuwa mtu wa kulia.

"Mama Tausi, nakuomba. Sema unatosha. Ukisema kabla sijapanda jukwaani, kesi inakufa, unarudi nyumbani."

"Kisha?"

"Kisha basi. Tunaishi."

"Nikirudi, nikakwambia chai ni tamu, utaniamini?"

Bwana Mfaume aliutazama mchele wa askari.

"Wewe ofisini hakuna anayekwambia kitu," aliendelea Bi Sikudhani. "Umekuwa mtu mzima unamuuliza katibu kama kuna mvua. Nikianza na mimi, utabaki na nani? Mimi naogopa, Baba Tausi, usidhani siogopi. Usiku sipati usingizi. Lakini nikifikiria kukaa pale jikoni nakuitikia ndiyo, ndiyo, kama yule katibu wako, nahisi heri hiyo chumvi." Akavuta kanga mabegani. "Samaki uliwatia chumvi?"

"Niliwatia."

Mkewe alimtazama.

"Sikuwatia," alisema Bwana Mfaume. "Wameoza."

"Nilijua," alisema mkewe, na akacheka, na askari naye akacheka bila kujua sababu.

Bwana Mfaume alirudi ofisini akiwa amepoteza njia ya kila upande. Akithibitisha kwamba mfuko unatosha, mkewe anakwenda majangwani. Akisema hautoshi, wanakwenda wote, na yeye hana kifua cha majangwa. Alikaa mezani, akatazama ukutani zilikotundikwa thibitisho zote alizowahi kutoa. Mavuno yamekua. Furaha ya wananchi imekua. Hata kimo cha Mtukufu Mlezi, kila sherehe ya uhuru, kilithibitishwa kuwa kimekua kidogo, na sasa kwa hesabu za Idara Mtukufu alikuwa haingii kwenye gari lake mwenyewe. Katika nchi nzima hapakuwa na kitu kilichopata kuthibitishwa na kisikue.

Bwana Mfaume akasimama. Alizunguka meza, akakaa tena, akacheka peke yake. Katibu aliyekuwa mlangoni akacheka pia, kwa tahadhari.

*

Siku ya uthibitisho watu walianza kupiga makofi alfajiri, kwa zamu, ili yasikatike. Juu ya jukwaa lilisimama pipa la buluu, limesuguliwa likang'aa. Mfuko uliletwa juu ya mto wa mahameli, umebebwa na meja. Mtukufu Mlezi alikaa kwenye kiti chake chini ya mwavuli. Bi Sikudhani alikaa kwenye benchi la pembeni na askari wake, mikono mapajani, amejitanda kanga aliyokamatwa nayo.

Bwana Mfaume aliuchukua mfuko, akautia ndani ya pipa. Ulishuka wote, ukapotea. Haukutoa hata sauti. Akasogelea kipaza sauti.

"Mtukufu Mlezi," alisema, "mfuko huu ulikuwa mdogo."

Makofi yakakoma. Waliokaa mbele waliacha kwa hofu, waliokaa nyuma wakaacha kwa kuwa wa mbele wameacha. Tangu nchi ipate uhuru uwanja ule haukuwahi kuwa kimya namna hiyo, na njiwa waliokuwa juu ya paa waliruka wakaenda zao.

"Ulikuwa mdogo," aliendelea Bwana Mfaume, jasho likimwingia machoni, "siku ulipozaliwa kiwandani. Kwani nini huzaliwa kikubwa? Mtukufu, kwa jicho lako la mbali, ulipotamka kwamba unatosha, hukuwa ukiusemea mfuko uliokuwa mkononi. Uliusemea mfuko ujao. Mke wangu, mwanamke wa jikoni, aliuona ungali mchanga, akasema alichokiona siku ile. Lakini leo, chini ya malezi yako, Idara yangu inathibitisha kwamba mfuko wa Sawasawa umekua, unakua, na utazidi kukua."

Mtukufu Mlezi aliinama mbele. "Mbona siuoni?"

"Unakua kutoka chini, Mtukufu. Maendeleo ya kweli huanzia chini."

"Unakua kwa kasi gani?"

"Kwa kasi iliyopangwa."

Mtukufu alifikiri. Mawaziri wote nao wakafikiri, kila mmoja kwa kimo cha cheo chake. Kisha Mtukufu akaegemea kiti, akasema, "Nilijua."

Uwanja ulipasuka kwa makofi. Watu walikumbatiana, wengine, kwa kuondolewa hofu ghafla namna ile, walikaa chini. Bwana Mfaume alifuta jasho, na moyoni alikuwa tayari nyumbani, kigodani.

Lakini Mtukufu aliinua mkono. "Na huyo mama. Yeye anauonaje sasa?"

Hilo Bwana Mfaume hakuwa amelipanga. Kipaza sauti kikapelekwa. Bi Sikudhani akainuka, akaja mpaka kwenye pipa, akashika ukingo, akainama na kutazama ndani kwa muda mrefu, kama anavyotazama chungu. Mumewe alikuwa upande wa pili wa pipa. Alimkazia macho, akakutanisha viganja kifuani, midomo yake ikitamka bila sauti: tafadhali. Hakujali tena mfuko, wala chai, wala aliyoambiwa mahabusu. Alitaka mkewe asipelekwe kwenye chumvi, basi.

Bi Sikudhani aliinuka kutoka kwenye pipa. Hakumtazama Mtukufu. Alimtazama mumewe, akaviona vile viganja.

"Umekua," alisema.

"Kiasi gani?" aliuliza Mtukufu.

"Kiasi mnachotaka, mheshimiwa."

Bwana Mfaume alilia pale jukwaani bila aibu, na magazeti yaliandika kwamba yalikuwa machozi ya takwimu.

*

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Iliundwa Wizara ya Ukuaji, na Bwana Mfaume akawa waziri wake wa kwanza. Mifuko ikaanza kuandikwa tarehe ya kuzaliwa. Utepe uliobandikwa kwenye mapipa ulibanduliwa, ukaandikwa umri, ukabandikwa tena. Bwana Zongo alipita Jumamosi kama kawaida, ila sasa hakuuliza mfuko uko wapi, aliuliza unaendeleaje, na watu walimjibu kwamba haujambo. Aliyeonekana na mfuko usiokua alishtakiwa kwa Kudumaza. Waziri wa Usafi, kwa wivu, alitangaza kwamba wa kwake umeanza kutambaa.

Na Bi Sikudhani alirudi nyumbani kwa gari la serikali lenye bendera.

Jioni ya kwanza Bwana Mfaume mwenyewe ndiye aliyechemsha chai. Alimletea kikombe kwa mikono miwili. "Ikoje?"

"Nzuri," alisema Bi Sikudhani.

Naye alipoonja cha kwake, akakuta hakuweka sukari. Alidhani amechoka, maana mahabusu si mchezo. Akamwacha alale.

Mvua ilinyesha na paa likavuja juu ya kitanda, upande wa mkewe. Asubuhi alimkuta amelala kwenye unyevu. "Umelalaje?" "Vizuri." Alipika ugali yeye, kwa makusudi, akautoa ukiwa mbichi katikati, unga unaonekana. Bi Sikudhani aliula mpaka mwisho, akanawa mikono, akashukuru. Bwana Mfaume alitoa hotuba redioni ambayo hata yeye mwenyewe ilimtia aibu, akakimbia nyumbani kuuliza. "Imesikika," alisema mkewe, na ilikuwa kweli, ilisikika.

Jikoni pia Bi Sikudhani alibandika utepe. Aliupanga sawasawa, bila mkunjo, akaandika tarehe kwa mwandiko mzuri. Maji ya kijani yakaanza kukusanyika chini ya pipa, na nzi wakajua njia.

Siku moja Bwana Mfaume alishindwa kuvumilia. Alifunga mlango, akafunga madirisha, akavuta kigoda mpaka magoti yao yakagusana. "Mama Tausi, tuko peke yetu. Hakuna mtu. Niambie."

"Nikwambie nini?"

"Chochote. Nitukane. Sema pipa linanuka. Sema nimekuwa mjinga."

Bi Sikudhani aliweka mikono mapajani, namna aliyokuwa amekaa kwenye lile benchi, na alimsikiliza kwa makini kabisa. Hakuwa na hasira usoni. Hilo ndilo lililomtisha mumewe. "Kipi kati ya hivyo unataka nikiseme?" aliuliza.

Bwana Mfaume akafungua madirisha tena.

Mwisho wa mwezi lililetwa koti lake la uwaziri. Fundi wa serikali hakuwa amemchukua vipimo, kwani ni kosa. Alishona kulingana na cheo. Bwana Mfaume alilivaa chumbani. Mabega yalimshuka mpaka viwikoni, mikono ya koti ikapita vidole na kuning'inia, na pindo lilimfika magotini. Hakujitazama kwenye kioo. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akasimama mlangoni na koti lile, akageuka huku, akageuka kule, mikono ya koti ikipepea. Zamani mkewe angecheka mpaka ashike ukuta, angewaita majirani waje wamwone. Alisimama akimwombea acheke.

Bi Sikudhani alikuwa akimenya viazi. Aliweka kisu chini, akafuta mikono, akamtazama kuanzia kola mpaka pindo, polepole, kwa heshima.

"Limekukaa vizuri, Mheshimiwa," alisema, na akarudi kwenye viazi vyake.

Nje dereva alipiga honi. Bwana Mfaume alibaki mlangoni kidogo, huenda mkewe ana la kuongeza. Honi ilipolia tena, akakunja mikono ya koti ili apate kushika kitasa cha mlango.